Mgongo wa Shemeji

...na uzi wenyewe ni mweupe, mweupe wa kuonekana kutoka mwisho wa korido, umekatiza mpasuo wa koti kwa nyuma kama ile alama ya kukosa ambayo mwalimu wa hesabu huipiga bila kusoma jibu, msalaba kamili juu ya makalio ya mtu mzima, na mtu mzima mwenyewe, shemeji yake Punguzo, mdogo wa mkewe tumbo moja, amesimama mbele ya ubao wa matangazo, mikono kaikunja kifuani, anajisomea tangazo la mwaka juzi kuhusu matumizi sahihi ya vyoo vya ghorofa ya pili, utulivu mtupu, kana kwamba dunia imeshamkagua, ikamaliza, ikamwambia pita... na suti ni mpya, ya buluu iliyokoza, imemkaa mabegani kama aliyezaliwa nayo, suti ya kumtoa mtu kwenye meza ya kona na kumfikisha kwenye ofisi yenye zulia, hilo Punguzo hakulikataa, macho yake hayakuwa na husuda ya kiasi hicho, ila ndiyo hivyo, ule uzi kiwanda huutia ili koti lisitanuke likiwa safarini, na mnunuzi akifika nalo nyumbani kazi yake ya kwanza ni kuukata, na shemeji hakuukata, na hakuna aliyemwambia, nani amwambie, anaishi peke yake katika chumba chenye kioo kimoja cha kunyolea ndevu, kioo kinachomwonyesha mtu kuanzia kidevu hadi nyusi na kumwachia Mungu yaliyobaki... Na zamu inayofuata ni yake. Mle ndani, nyuma ya mlango uliobandikwa karatasi USAILI UNAENDELEA, KIMYA, yumo mtu wa Uhasibu, sauti yake inapenya ubao kama maji yanayochemka kwenye jiko la jirani, akitoka yeye anaingia shemeji, akitoka shemeji anaingia Punguzo, watu watatu kwa kiti kimoja, kiti cha Mkuu wa Utumishi, ambacho Punguzo amekikaimu muda mrefu mpaka sponji limeshika umbo lake, wenzake wakimtania kwamba akikikosa itabidi serikali iagize kingine, maana hicho hakitamfaa mtu mwingine... amekikaimu, neno gani hilo, kukaimu, ni kama kuambiwa vaa shati hili lakini usilitoe jasho... na mwenyekiti wa jopo ni yule mama mstaafu mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo, ana desturi yake, hamwulizi mtu swali la maana mpaka kwanza amemtuma ukutani, ukutani kuna chati ya muundo wa idara, visanduku na mistari, na mtahiniwa huambiwa nenda, tuonyeshe kwa kidole nani anawajibika kwa nani, basi yeye akiwa anahangaika na visanduku, jopo zima huku nyuma linamsoma mgongo. Dereva wa idara, ambaye hujua mambo yote kabla ya wahusika, alisema mama yule hafichi, husema waziwazi kwamba uso kila mtu huuosha, mgongo ndio unaosema kama mtu ana watu au hana, na kwamba yuko mtu alianguka usaili, msomi wa kutisha, kwa sababu tai ilikuwa imechungulia chini ya kola kwa nyuma kama mkia wa panya mlangoni... sasa huyu anakwenda pale ukutani na msalaba.

Basi Punguzo akajiambia, kwani niliyeutia uzi ni mimi? Aliyeutia ni fundi wa kiwandani, wa kuukata ni mwenye koti, na kati ya hao wawili mimi si yeyote, halafu kuna waraka... waraka ule yeye ndiye aliyeuandika, akitaka asitake atazikwa nao, Waraka kuhusu Mwonekano wa Mtumishi wa Kiume Awapo Kazini, Aendapo Kazini na Atokapo, kurasa nyingi kuliko sheria iliyoiunda idara yenyewe, ulipita kamati baada ya kamati, ya kwanza ikauliza ndevu ni nini kisheria, zinaanza lini kuwa ndevu na kabla ya hapo zinaitwaje, ya pili ikavunjika kwa ajili ya soksi nyeupe, mwakilishi wa wafanyakazi akishikilia kwamba soksi ni mambo ya ndani ya mtu, mwanasheria akimjibu kwamba zikishaonekana mtu anapoketi zimekuwa mambo ya nje, mjadala ukaahirishwa mpaka baada ya chakula, na baada ya chakula hakuna aliyekumbuka msimamo wake... kifungu cha manukato kikaandikwa na kufutwa, kikaandikwa na kufutwa, mwisho wakakubaliana kwamba manukato ya mtumishi yasifike ofisini kabla ya mtumishi mwenyewe, na huo ndio mstari pekee katika waraka mzima aliojivunia, maana ule mwingine aliokuwa ameupenda zaidi waliufuta, alikuwa ameweka methali juu kabisa, kabla ya utangulizi, nyani haoni kundule, kamati ikaipiga kalamu nyekundu, lugha isiyo na staha, wakaweka badala yake Unadhifu ni Wajibu wa Kila Mmoja, maneno ambayo hayajamfanya binadamu yeyote afunge kifungo... na waraka wa wanawake, ofisa aliyepewa kuuandika aliugua siku hiyohiyo na mpaka leo hajapona sawasawa, na hakuna aliyemlaumu... lakini kifungu chenyewe kinasema, tena kwa maneno yake mwenyewe Punguzo, Mtumishi atawajibika yeye binafsi kwa mwonekano wake, yeye binafsi, si shemeji yake, si mtu aliyeketi nyuma yake kwa bahati... mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, akatoka katibu muhtasi na chupa ya chai kwapani, akawanong'oneza ndugu zangu, tafadhali, watahiniwa hawaruhusiwi kuzungumza, ndio utaratibu, kisha akasimama palepale akazungumza yeye, kwamba chai imechelewa kwa sababu sukari iko chini ya saini ya mtu aliye likizo, kwamba yule wa Uhasibu anapenda kusema "kimsingi" na mwenyekiti ameshaanza kuivaa na kuivua miwani, dalili mbaya hiyo, kwamba leo jua ni kali, na akaingia tena, na korido ikabaki na ukimya wa kiserikali, ukimya wenye mhuri... hawaruhusiwi kuzungumza, si unaona, hata ningetaka, akajiambia Punguzo, na alipojiambia hivyo akahisi kitu tumboni kikikaa vizuri zaidi, kama mtu aliyepata kiti cha dirishani, na palepale akajitilia shaka, maana maisha yake yote ya ofisini amejifunza kwamba kanuni ikikufurahisha ghafla, uitazame mara mbili.

Kimya... hata wale watano walinyamaza. Jopo la enzi zile, yeye kijana wa kuomba ukarani, viatu vipya, kavipiga kiwi mpaka vikamwonyesha meno yake, akaingia, akajibu vizuri, akajiona mtu, akapandisha mguu juu ya goti kama alivyoona mabwana wakifanya, na soli ikageuka kuwatazama waheshimiwa, na kwenye soli kibandiko cha njano, PUNGUZO, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara kwa kuwa duka lilitaka zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, na wale watano wakaisoma, mmoja akakohoa, mmoja akaandika kitu, mmoja akatoa kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa chafu, na hakuna hata mmoja aliyesema, kijana, shusha mguu, kinyume chake walimwongezea maswali ili mguu uendelee kukaa pale... kazi akaipata, ya chini kabisa, na siku ya kuanza korido nzima ilishampa jina, habari za leo Punguzo, faili liko wapi Punguzo, na yeye, kwa ujinga wa ugeni, akadhani ndivyo wanavyoitana watu wa mjini, akaitikia kwa tabasamu, wiki zikapita anaitikia, mpaka msichana wa taipu mwenye mdomo usio na breki alipomwambia wewe kaka, hebu inua mguu, akainua, naye akainama akakibandua kwa ukucha, kilikuwa bado kipo, nusu kimelika kwa kutembelewa, akamwekea kiganjani, akasema haya, ndilo jina lako hilo, sasa amua... Watu hupenda kwa sababu nyingi, macho, sauti, mwendo, yeye alipenda kwa sababu aliambiwa. Jina halikutoka, lilishaingia kwenye damu ya ofisi, lakini alimwoa yule msichana, na tangu hapo kila asubuhi, mlangoni, kabla hajatoka, mkewe husema neno moja tu, geuka, naye hugeuka, mkono humpita mgongoni kuanzia kola hadi pindo, hutoa unyuzi, hushusha kola, humgonga begani mara moja maana yake nenda, na miaka yote hiyo hakuwahi kuuona mgongo wake mwenyewe wala kuuhitaji, alikuwa ameuweka amana... na kwa hasira ya kile kibandiko akajifunza yote, hakuna kosa dogo la mwanamume asilolijua, kifungo cha chini cha koti hakifungwi hata ukiona baridi, ncha ya tai iguse chuma cha mkanda, isining'inie kama ulimi wa mbwa wala isiishie kitovuni kama bibu ya mtoto, soksi zipande mahali pa kukuficha ngozi unapoketi, funguo zisijazwe mfukoni mpaka paja likaota jipu, shati lenye doa halitibiwi kwa tai pana, na wembe, wembe haupandishwi, huteremshwa...

Wembe. Hapo akamwona, si huyu wa suti, yule mwingine, mwembamba, sare ya shule, aliyeletwa kukaa kwao baada ya msiba akalala kwenye kochi la sebuleni miaka yote ya sekondari, amemkuta asubuhi bafuni, kaiba wembe wa mtu mzima, anakwangua shingo kutoka chini kwenda juu kama anayepara samaki, shingo yote imeota vipele na damu, na alipoona mlango umefunguka hakukimbia, alisimama tu na povu usoni akisubiri kugombezwa, na Punguzo hakumgombeza, alimshika kidevu, akamwambia taratibu, wembe unafuata nywele zinakolala, ukizilazimisha zitajikunja zirudi kukuchoma, na yule kijana akabana pumzi, akamkabidhi shingo, hivi hivi, kwa wembe, akimtazama kwenye kioo... na siku ya mahafali ilikuwa tai, akitaka kumfunga fundo Punguzo akagundua kwamba anajua kulifunga shingoni mwake tu, mikono haikujua njia ya kutokea mbele, ikabidi asimame nyuma yake, ampitishie mikono mabegani, amfunge kana kwamba ni yeye, nyuso mbili ndani ya kioo kimoja, mmoja juu ya mwingine, na mkewe akapita mlangoni akasema tazama mlivyo, kiumbe kimoja chenye vichwa viwili na hakuna hata kimoja chenye akili... fundo lile ndilo alilolifunga hata leo, Punguzo aliliona tangu alipofika, fundo lake mwenyewe limekaa kooni mwa mshindani wake, safi, bila kupinda... lakini huyohuyo, mwaka jana, kikaoni, shahada yake ya pili ikiwa bado inanuka wino, alisimama akasema kwa heshima zote kwa shemeji yangu, takwimu hizi ni za mwaka wa nyuma, na zilikuwa za mwaka wa nyuma, hilo halina ubishi, ila mtu mmoja nyuma kabisa akasema basi zina punguzo, chumba kikacheka, na shemeji naye akacheka, kidogo, cha puani, lakini Punguzo alikisikia na kicheko hicho bado anacho, hakijapungua uzito, hajawahi kumwambia mkewe... basi aende tu, akaeleze visanduku, akaonyeshe kwa kidole nani anawajibika kwa nani... na jana kwenye simu mkewe, ambaye yuko kwa binti yao mkubwa aliyejifungua, alisema mimi katika hili sina upande, atakayekosa nitampikia, atakayepata atajipikia mwenyewe, kisha mtoto akalia upande ule wa simu, mkewe akauliza akiwa ameshaanza kuondoka, na kesho nani atakutazama, yeye akajibu mimi ni mtu mzima bwana, ikakatika.

Shemeji alimalizana na tangazo la vyoo akaja kuketi, kiti kimoja kando yake, manukato yakiwa yametangulia kuketi, akafungua kifungo cha koti kabla ya kukaa, vizuri, hilo analijua, akatazama mlango, akatazama viatu vyake, akamtazama Punguzo, si usoni, mahali fulani chini ya hapo na kwa pembeni, akafungua mdomo. "Shemeji..." "Naam?" Akasita. "Hamna kitu. Hiki kiti kinalegea." Akautazama mguu wa kiti, ambao haukuwa na tatizo lolote, na muda kidogo baadaye, wakati sauti ya mle ndani ikisema kimsingi, akamtazama tena palepale, akafungua mdomo tena, na safari hii akaugeuza kuwa mwayo. Na ni mwayo ule uliomwingia Punguzo kama maji ya baridi kwenye uti wa mgongo, maana aliutambua, amekuwa akiupiga yeye mwenyewe tangu afike hapa, ni mwayo wa mtu aliyeona kitu... ameona nini? Mkono ukaenda kwenye zipu, zipu imefungwa, ulimi ukapita pembe za mdomo kutafuta dawa ya meno, hakuna, tai, mkanda, soksi zote mbili ni za mama mmoja, vifungo havikuruka tundu, puani alijikagua kwa mkasi asubuhi, masikioni pia, mbele yote ni safi, mbele angeweza kuiapia mahakamani, lakini huku nyuma... huku nyuma hakuna aliyepita leo, nyumba ilikuwa kimya, alivaa koti lililotoka kwa dobi, akafika mlangoni, akasimama kidogo kwa mazoea kama punda anayesimama penye kibanda cha maji, hakuna aliyesema neno, akatoka, na tangu hapo amekatiza mji mzima na mgongo usiokaguliwa, na walinzi wamemsalimu, na katibu muhtasi amemwona, na dereva, na hakuna... kinyozi hajinyoi, akakumbuka, na kwa mara ya kwanza methali hiyo haikumfariji kinyozi hata kidogo... Akajaribu kujipapasa nyuma bila kuonekana anajipapasa, mkono ukafika kiunoni ukaishia, Mungu katika hekima yake alimpa binadamu mikono miwili na hakuna hata mmoja unaofika pale unapohitajika... kwa nini hasemi? Anataka kiti, ndiyo, anakitaka, lakini si hilo, Punguzo alimtazama kwa pembe ya jicho akaona si hilo, uso ule haukuwa na ujanja, ulikuwa na adabu, ndiyo adabu hiyo iliyomziba mdomo, nani atamwambia mtu aliyeandika waraka, nani atathubutu, kurasa zote zile, vifungu, vifungu vidogo, kiambatisho cha michoro ya mafundo ya tai, nani atasimama mbele ya bahari aiambie ina unyevu... miaka yote hii alidhani amejikinga na kicheko, kumbe amejikinga na kuambiwa. Na katika kurasa zote zile aliandika kila kosa, la kola, la kucha, la pindo, la harufu, akasahau kuandika kwamba ukiona mwambie, hakusahau, hakuwaza, alidhani kosa ni la mwenye uzi tu... na wale watano, jinsi alivyowachukia, alizoea kuwahesabu kichwani kitandani, aliyekohoa, aliyeandika, aliyefuta miwani, alidhani walikuwa watu wabaya, leo akaona pengine walikuwa watu wa kawaida tu wenye ulimi uliokaa vizuri kinywani, walioona jambo si lao, pengine kila mmoja alisubiri mwenzake aseme, pengine mmoja wao alifungua mdomo akaugeuza kuwa kikohozi, na mwayo wangu mimi una tofauti gani na kile kikohozi... mama yule mle ndani atauona uzi, atavaa miwani, atasema moyoni huyu hana watu, na atakuwa amekosea, maana watu anao, watu wake wameketi hapa kwenye kiti cha plastiki, wameona kila kitu, wamenyamaza kwa mujibu wa kifungu. Watu wake ni mimi. Hana mwingine, dada yake yuko mbali anaogesha kichanga, aliyebaki ni mimi, na yeye ndiye aliyebaki kwangu, na tumekaa bega kwa bega tukiilalia migongo yetu kama kuku wawili wanaoatamia mayai mabovu, kila mmoja akiogopa mwenzake asisikie harufu... na kumwambia sasa, hivi hivi, shemeji una uzi nyuma, itakuwa nini, itakuwa waraka tena, itakuwa Punguzo amekagua, kijana amekosa, alama ya kukosa, ataukata uzi na atabaki na aibu, na mimi nitabaki na mgongo wangu... hapana, si hivyo, haianzi hivyo, haikuwahi kuanza hivyo, yule kijana bafuni ndiye aliyenikabidhi shingo kwanza.

Akasimama. Goti likalia kidogo. Akaugeukia ukuta, akampa shemeji yake mgongo wote, kuanzia kisogo hadi visigino, mikono akaiacha ining'inie.

"Shemeji," akasema, akiutazama ukuta, "hebu nitazame huku nyuma. Uniambie kila unachokiona."

Nyuma yake kiti kikasukumwa, viatu vikasogea.

"Una karatasi ya dobi, shemeji. Chini ya pindo. Imebanwa kwa pini, ina namba."

"Kubwa?"

"Ya waridi."

"Umeiona saa ngapi?"

"Ulipoingia tu." Sauti ikatafuta njia. "Nilidhani labda ni utaratibu mpya. Wa watahiniwa."

Punguzo alitaka kukasirika, akatafuta hasira mahali alipozoea kuiweka, hakuikuta, akakuta kicheko, kikamtoka puani, kidogo, na alipokisikia akakitambua ni cha namna gani, kumbe ndicho kicheko kile, kumbe mtu anaweza kukicheka bila ubaya wowote, kwa sababu tu jambo linachekesha... akahisi vidole nyuma yake, vinashika pindo kwa uangalifu, vinafungua pini bila kuvuta kitambaa, halafu, bila kuombwa, kiganja kikampita mgongoni mara moja toka juu hadi chini, kizito kuliko kile alichokizoea, cha mtu asiyejua kazi hiyo lakini ameona ikifanywa mlangoni asubuhi nyingi akiwa anakunja shuka la kochi, na Punguzo akafumba macho, ukuta ukatoweka, akafumbua.

"Haya," akasema. "Sasa geuka wewe."

"Mimi?"

"Una uzi. Msalaba mweupe, kwenye mpasuo."

Shemeji akajipinda kujitazama, akazunguka nusu duara kama mbwa anayetafuta mkia, hakuona kitu. "Ule? Si ndio mshono wenyewe? Mimi nilijua ni mtindo."

"Si mtindo. Simama. Una mkasi?" Hakuwa nao, wala kisu, wala wembe, mle ndani sauti ikasema kimsingi na kwa kumalizia, na watu wanaosema kwa kumalizia huwa bado wana mengi ila mwenyekiti huwa hana subira tena, basi Punguzo, Kaimu Mkuu wa Utumishi, mwandishi wa waraka, akapiga goti moja kwenye sakafu ya korido ya serikali, akashika mpasuo wa koti la buluu kwa vidole viwili, akaingiza meno, na uzi ulikuwa mgumu, uzi wa kiwandani haukuwahi kumwonea mtu huruma, akauma upande wa kwanza, ukakatika, akauma wa pili, na mlango ukiwa bado umefungwa, na karatasi ikiwa bado inadai kimya, akajua, bila kuumia kiasi alichokuwa amejiandalia, kwamba huyu kijana huenda akamshinda, na kwamba endapo atamshinda, basi angalau atakuwa ameshindwa na mtu aliyevaa vizuri.